Udugu wa Kiapo

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo: katika vyuo vikuu vya Marekani mna vyama vya vijana wanaume viitwavyo kwa herufi za Kiyunani. Wa kwanza kujiita hivyo walikuwa Phi Beta Kappa, mwaka 1776, katika chuo cha William and Mary, Virginia. Walio katika vyama hivyo aghalabu hukaa nyumba moja, hula pamoja, huitana ndugu, na amalizaye masomo huenda akapata kwa ndugu zake kazi na wa kumshika mkono. Basi kijana wa Kiislamu atokaye Mombasa au Unguja kwenda kusoma huko, akialikwa, na ajibu nini?

Mwenye haraka atasema: ni haramu, yamekwisha. Wala sivyo. Mtume (s.a.w.), kabla ya kupewa utume, alihudhuria Makka, nyumbani kwa Abdullahi bin Jud'an, ahadi ya Hilful-Fudhul, walipoapa watu kumsaidia aliyedhulumiwa mpaka arudishiwe haki yake; na baada ya kuja Uislamu alieleza kwamba lau angaliitwa kwa mfano wake angaliitika. Na huko Marekani, mwaka 1906, wanafunzi saba weusi wa Cornell walianzisha Alpha Phi Alpha, wapate kushikana katika nchi iliyowabagua. Shida ya mgeni ni ya kweli, na upweke ni mlango mmoja wa Shetani.

Lakini ahadi ya Makka kila aliyeapa aliijua. Katika vyama vingi vya huko kijana hufunga ahadi kwanza, na siri huambiwa baadaye. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imamu Shafii ni kuwa haisihi kuuziana kitu kisichoonekana. Basi mtu asiyeachiwa kununua kanzu asiyoiona, atatoaje nafsi yake kwa sharti asiloliona?

Na katika baadhi ya vyama hivyo, aingiaye hudhalilishwa na kunyweshwa pombe, ijapokuwa sheria zakataza. Mwaka 2017, katika chuo cha Pennsylvania State, kijana wa miaka 19 alinyweshwa usiku wa kuingizwa kwake, akaanguka ngazini. Nao waliomwita ndugu wakamwona katika hali ile, wasiite msaada mpaka asubuhi, naye akafa. Mwaka 2024 ilitiwa saini sheria ya Marekani nzima ya kuvilazimisha vyuo kutangaza makosa ya namna hiyo.

Na aliyekwisha kuapa asidhani kwamba amefungika. Mwenye kuapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba atafanya maasi amepata dhambi kwa kiapo chake, na yampasa akivunje, kisha atoe kafara: alishe masikini kumi au awavishe, asiyeweza, afunge siku tatu. Hapana kumtii kiumbe katika kumwasi Muumba.

Basi kijana na aulize kabla ya kuitika: Naapa kwa nini? Nikikataa pombe, nitaachwa salama? Nikiondoka kwenda kusali, nitachekwa? Akijibiwa wazi, na yakawa ya kheri, hapana ubaya. Akiambiwa, "Utajua ukishaingia," na ashukuru kwa adabu aende zake. Wako wengine wa kufuatana nao: jumuiya ya wanafunzi Waislamu ipo huko tangu 1963, na mwaka 2013 vijana wa Kiislamu katika chuo cha University of Texas at Dallas walianzisha udugu wao, Alpha Lambda Mu, kwa kufuata Alif Lam Mim.

Na baba amtumaye mwanawe kwa nauli na karo, kisha asimtafutie huko msikiti wala mtu wa kumpokea, asistaajabu mwanawe akipokewa na wengine. Barua moja kabla ya safari ni bora kuliko lawama mia baada yake. Kwani Mwenyezi Mungu amebainisha katika Sura ya Az-Zukhruf kwamba marafiki siku hiyo watakuwa maadui wao kwa wao, isipokuwa wacha Mungu.

Wallahu aalam.