Macho Hayana Pazia

Waswahili husema macho hayana pazia. Aghalabu methali hii hutumika kumtetea mtu aliyeona asichotakiwa kukiona: amepita njia, ameona, kosa lake liko wapi? Mimi napenda kuisogeza mbele kidogo. Ikiwa kuona si kosa, je, kukichukua ulichokiona nako ni halali?

Nauliza kwa sababu kazi yangu ni usanifu wa michoro. Mtu akija kutaka chapa ya mfuko wa unga, bango la duka au nembo ya chama cha ushirika, hudhani kwamba nitaketi, nitafumba macho, na wazo litanishukia. Halishuki. Wazo huokotwa njiani, katika mambo ya kila siku, na njia hiyo, ndugu msomaji, ina wenyewe.

Mkoa wetu wa Mara haumnyimi kitu mwenye macho. Pale Mwigobero, mjini Musoma, utawaona dagaa walioanikwa juani. Dagaa mmoja hana umbo la kumsimamisha mpita njia, lakini maelfu yao wakilala pamoja hugeuka kuwa kitambaa cha rangi ya fedha. Hapo nilijifunza kwamba kitu kidogo kikirudiwa kwa mpango hupata nguvu ambayo hakikuwa nayo peke yake. Kando ya ziwa yako mawe makubwa yaliyobebana, kubwa juu ya dogo, na hayaanguki. Yamenifundisha kuwa mizani ya mchoro haidai pande mbili zilizo sawa. Ukienda Bunda wakati pamba imepasuka, utaona jinsi weupe wake unavyong'aa juu ya udongo mweusi. Msanifu anayetaka nyeupe yake ionekane asihangaike kuiongeza weupe. Aitafutie jirani mweusi.

Mawe na pamba havidai chochote. Hata hivyo, sehemu kubwa ya tunayoyaona kila siku haikuota yenyewe. Kuna mtu aliyewaanika dagaa wale. Kuna fundi aliyeandika jina la mtumbwi kwa brashi, akaivuta herufi ya mwisho ndefu ili ijaze ubao. Kuna mwenye duka wa Bunda aliyeamua kwamba mlango uwe wa bluu na fremu yake iwe ya njano. Hawa hatuwaiti wasanii, wala wenyewe hawajiiti hivyo. Ndiyo sababu ni rahisi sana kuwachukulia vitu vyao na kusema: nimeokota.

Wako watakaosema kwamba hakuna kitu kipya chini ya jua, kwa hiyo kila mtu achukue apendavyo. Nusu ya hoja hiyo ni kweli, na ushahidi wake uko Butiama. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa huko mwaka 1922 na kuzikwa huko Oktoba 1999, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, akaipitia upya na kuitoa mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo ikatoka Mabepari wa Venisi. Shakespeare naye habari za Kaizari hakuzibuni. Alizipata kwa Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, kupitia tafsiri ya Kiingereza. Tazama basi mnyororo huo: Mgiriki, Mwingereza, Mzanaki.

Lakini tazama pia namna Mwalimu alivyochukua. Kwanza, alikielewa alichokichukua, hata akathubutu kukigeuza: mfanyabiashara mmoja wa jina la Kiingereza aligeuka kuwa mabepari wengi katika Kiswahili, na neno hilo lilibeba fikra za Mwalimu mwenyewe. Pili, hakulifuta jina la mwenyewe. Msomaji anajua kwamba tamthilia ni ya Shakespeare na Kiswahili ni cha Nyerere. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo tofauti kati ya kuazima na kuiba. Mwizi hupenda kitu kionekane hakina historia.

Shakespeare ana jina. Tutafanyaje kwa wale wasio na jina vitabuni? Nitatoa mfano wa kazi yangu. Katika kijiji kimoja upande wa Butiama nilimkuta bibi akisuka kikapu. Ubavuni mwake ulipita mstari wa rangi ya kahawia, ukipanda kwa vipande kama ngazi.

"Bibi, mstari huu umenipendeza sana," nilimwambia.

"Huo si mstari, mjukuu wangu," alinijibu bila kuinua kichwa. "Hapo ni pale ukindu ulipoisha nikaunga mwingine. Huo wa kuungia nautia rangi, nijue nimefika wapi."

Jibu hilo lilinifaa kuliko mstari wenyewe. Nilichokiona kuwa pambo kilikuwa kumbukumbu ya kazi: kila ngazi ni mahali mkono uliposimama ukaanza tena. Niliutumia mstari ule katika mfuko wa unga, nikauweka pale pale karatasi inapoungana, ili nao uoneshe kiungo. Kabla ya kuchapa nilimwomba mteja wangu mambo mawili: jina la kijiji liandikwe chini kwa herufi ndogo, na bibi apewe chochote. Alikataa yote mawili. "Vikapu ni vya kila mtu," alisema.

Sheria yetu ya hakimiliki, namba 7 ya mwaka 1999, inazitambua pia sanaa za jadi. Haizihesabu kuwa mali iliyotupwa. Hata hivyo sikuona kwamba swali langu lingemalizwa na wanasheria. Sheria ni uzio mfupi: huzuia ng'ombe, haimfundishi mtu adabu. Nilitoa sehemu ya ujira wangu nikampelekea bibi, pamoja na mfuko mmoja.

Alishangaa. "Fedha za nini? Mimi sikukuuzia kitu." Kisha akaugeuza mfuko huku na huku, akacheka. "Na mimi kuungia hivi niliona kwa mama mkwe. Utamlipa na yeye? Amekwisha kufa." Fedha alizipokea nusu. Kwa nusu nyingine aliniagiza nimnunulie mjukuu wake rangi na brashi, nimfundishe kuandika herufi za mabango, kwa kuwa mtoto huyo hapendi kusuka.

Nimeyatafakari maneno yake mara nyingi. Mteja wangu na bibi walisema jambo linalokaribiana: kwamba kikapu hakikuanza na mtu mmoja. Lakini mteja alihitimisha kwamba kwa hiyo hakuna deni. Bibi alihitimisha kwamba deni lipo, ila mdai wa kwanza hapatikani tena, basi alipwe anayekuja. Dawa ya deni ni kulipa, wala methali haisemi kwamba mdai akitoweka deni nalo hutoweka.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Nembo ya Taifa, yenye karafuu na pamba miguuni pa mwanamume na mwanamke, tunaiona katika vyeti na nyaraka za serikali siku zote. Mwaka 2017 magazeti yaliandika habari za mzee Francis Kanyasu, maarufu kwa jina la Ngosha, aliyekuwa akiishi katika dhiki Buguruni, Dar es Salaam, na aliyedai kuwa ndiye aliyeichora. Alifariki mwezi Mei mwaka huo. Wengine nao walitajwa kuwa wachoraji wake, wala mimi si mwamuzi wa madai yao. Nasema tu kwamba inatia uchungu taifa kubishana juu ya mkono uliochora alama yake, wakati wenye kujua wamekwisha kuwa wazee. Ubishi wa namna hiyo huzaliwa na mazoea ya kuangalia mchoro bila kumwuliza mwenyewe.

Kwa hiyo naishika methali, ila naiongezea. Macho hayana pazia, na yasiwe nalo. Msanifu anayefumba macho barabarani atarudia michoro ya wenzake wa mbali akidhani ni yake. Aangalie mitumbwi, milango, vikapu na magunia. Lakini akishaangalia aulize kwa nini kitu kiko hivyo, amtaje aliyemfundisha pale jina linapojulikana, na pale lisipojulikana amfundishe mwingine. Jicho limepewa ruhusa ya kupita kila mahali. Mkono ndio unaoulizwa.