Sadaka na Gharama ya Njia

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi waalimu wa sharika mnaoulizwa maswali mengi baada ya ibada, leo nataka tulitazame jambo moja lionekanalo kuwa dogo. Watu wakitaka kuwasaidia wagonjwa au maskini, wakafunga safari ndefu, kundi zima, ili kukusanya fedha, je, safari ile ni sehemu ya sadaka, ama ni upotevu uliovikwa nguo ya sadaka? Maana mwenye akili atauliza mara moja: Mbona wasikae nyumbani, wakaipeleka fedha yote, pamoja na ile ya njia?

Swali hili si la kubuni. Katika nchi ya Marekani uko msafara wa pikipiki ulioanzishwa mwaka 1995 na mtu aitwaye Kyle Petty, aliyekuwa dereva wa mashindano ya motokaa, kama baba yake Richard na babu yake Lee walivyokuwa kabla yake. Wapanda pikipiki mia na zaidi hukusanyika, wakasafiri pamoja muda wa juma moja hivi, wakivuka majimbo mengi, na fedha hutolewa kwa ajili ya watoto wagonjwa. Mwaka 2019, ulipotimia msafara wa ishirini na tano, waliondoka Seattle, mji ulio kaskazini-magharibi kabisa mwa nchi ile, wakaishia Key Largo katika jimbo la Florida, upande wa kusini-mashariki, njia ya maili 3,700 hivi. Msomaji apate kuelewa: reli yetu ya kati, toka Dar es Salaam mpaka Kigoma, ni kama maili 780. Basi ni karibu safari tano za namna ile, wala hawakuketi ndani ya behewa, bali juu ya chuma, katika jua na mvua na upepo.

Sisi twaijua pikipiki kwa namna nyingine. Kwetu pikipiki ni kazi. Kijana wa bodaboda huipanda alfajiri ili jioni apate cha kumpa mwenye chombo na cha kupeleka nyumbani. Na mama aliyeshikwa na uchungu usiku hupakiwa juu yake kwa kukosa motokaa. Ukimwambia kijana yule kwamba wako watu wazima, wenye mali zao, waipandao pikipiki maili elfu tatu kwa furaha, nao huiita safari hiyo kazi ya huruma, atacheka. Wala mimi simlaumu.

Tena sisi Walutheri tuna sababu zaidi ya kuuliza. Mwaka 1520 Martin Luther alipowaandikia wakuu wa taifa la Wajerumani, aliwakemea watu waliofunga safari za kwenda kuhiji Roma. Alionyesha ya kuwa mtu hutumia njiani fedha nyingi ambayo Mungu hakumwagiza kuitumia, huku amemwacha mkewe na watoto wake, au jirani yake, katika dhiki. Uchovu wa miguu hauondoi dhambi. Twahesabiwa haki kwa neema, kwa njia ya imani, na mvua impigayo mpanda pikipiki haimnunulii kitu mbinguni. Jambo hili na liwe wazi kwanza, maana nimewasikia hata Wakristo wetu wakisema juu ya mtu aliyetaabika safarini kwa ajili ya kanisa, kana kwamba taabu yake ni akiba iliyowekwa kwa Mungu.

Walakini tuangalie vema Luther alikemea nini. Hakuikemea njia yenyewe. Aliikemea njia ambayo mwisho wake ni msafiri mwenyewe. Yule mwenye kuhiji alikwenda kwa ajili ya nafsi yake, akamwacha jirani nyuma ya mgongo. Jirani akiwa mbele, kule njia iendako, shauri ni lingine, nalo lataka kupimwa upya.

Basi tuirudie habari ya Kyle Petty. Alikuwa na mwana, jina lake Adam, dereva naye, wa kizazi cha nne katika jamaa ile. Kijana huyu alitamani pawe na kambi katika jimbo lao la North Carolina kwa ajili ya watoto wenye magonjwa mazito, ambao hawawezi kwenda kucheza na wenzao mbali na kwao, kwa sababu ni lazima daktari na dawa viwe karibu nao. Tarehe 12 Mei 2000, alipokuwa akifanya mazoezi katika uwanja wa mashindano wa New Hampshire, motokaa yake iligonga ukuta, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 19. Wazazi wake wakaishika nia ya mwana wao. Babu yake na bibi yake wakatoa ardhi penye mji wa Randleman, na mwaka 2004 kambi ikafunguliwa, ikaitwa Victory Junction. Mtoto aendaye pale, wazazi wake hawatozwi kitu. Na msafara ule, uliokuwa umeanza miaka mitano kabla ya msiba, ukawa mfereji mmoja wa kuinywesha kambi. Tangu mwanzo wake mpaka sasa zimetolewa kwa njia yake zaidi ya dola milioni 20, kwa kambi hiyo na kwa kazi nyingine za kuwasaidia watoto.

Hapo ndipo ile hesabu ya kwanza yanishinda kuikubali. Twasema, wangekaa nyumbani wakaipeleka fedha yote. Fedha ipi? Ile iliyotoka mikononi mwa watu waliousikia mngurumo, wakatoka nje, wakauliza, wakaambiwa habari ya watoto, isingalikuwako. Mtu asiyejua kilimo, akimwona mkulima akifukia mahindi mema ardhini wakati wa njaa, atamdhani ana wazimu. Lakini mkulima anajua afanyalo. Petroli ya msafara yaweza kuwa mbegu. Nasema yaweza, maana mbegu hupimwa siku ya mavuno, na mtu apandaye debe akavuna kibaba hana la kujisifia, hata akitoka jasho namna gani.

Mtume Paulo naye alifanya msafara wa sadaka. Habari hii twaisoma mara nyingi pasipo kuifikiri. Aliwachangisha Wakristo wa Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini walioko Yerusalemu. Fedha ile ingaliweza kuchukuliwa na mtu mmoja mwaminifu katika merikebu. Paulo mwenyewe alikuwa na shauku ya kwenda Rumi, na kupita mpaka Hispania. Lakini aliiweka kando safari hiyo, akageuka kwenda upande wa mashariki. Luka ametutajia majina ya watu saba waliofuatana naye: Sopatro wa Beroya, Aristarko na Sekundo wa Thesalonike, Gayo wa Derbe, Timotheo, Tikiko na Trofimo wa Asia. Kundi zima! Nani aliyelipa nauli yao, na mikate yao, na malazi? Mwenye kuhesabu tu angalisema, Hapa pamepotea fedha ya maskini.

Lakini Paulo alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ameieleza waziwazi kwa Wakorintho: hakutaka mtu yeyote apate kumlaumu kwa habari ya fedha nyingi namna ile, basi akataka mashahidi waliochaguliwa na makanisa yenyewe. Ya pili twaiona katika waraka kwa Warumi. Aliogopa ya kuwa watakatifu wa Yerusalemu, Wayahudi, labda hawataipokea sadaka iliyotoka kwa watu wa mataifa. Fedha peke yake haina uso. Wakija Gayo na Trofimo kwa miguu yao, mwenye kupokea atamwona ndugu. Hapo safari haikuwa gharama iliyopunguza sadaka. Bila safari sadaka ingalikuwa fedha tu. Na Paulo aliilipia njia ile kwa minyororo, maana Yerusalemu ndipo alipokamatwa.

Nikikubali hayo, bado nina mambo ambayo nayaogopa katika misafara, ya Marekani na ya kwetu.

Bwana wetu alikataza kupiga panda mbele ya sadaka. Na pikipiki mia moja zikinguruma pamoja ni panda kubwa mno! Wengine watajibu, Bila panda watu hawaji. Ni kweli, hata kengele ya kanisa ni sauti. Lakini kengele huita watu wamwendee mwingine. Haisemi, Nitazameni mimi. Wasafiri wakiisha kupita, vumbi likatulia, sikilizeni watu wa kijiji kile wanasimulia nini. Wakisimulia habari ya mtoto na ugonjwa wake, panda ile ilikuwa kengele. Wakisimulia koti la ngozi na ukubwa wa mashine, basi wapandaji wamekwisha kupata thawabu yao.

Na lipo jambo baya kuliko panda, nalo husemwa mara chache. Mara nyingine mgonjwa mwenyewe hufanywa ngoma. Mtoto huletwa mbele ya watu, kilema chake huonyeshwa, picha yake hubandikwa, ili mioyo ilainike na mikono ifunguke. Ndugu zangu, maskini ana uso wake, naye amepewa na Mungu, wala hakuuazimisha kwa mkutano. Kama tusingalipenda mtoto wetu sisi asimamishwe hivyo mbele ya usharika, tusimsimamishe wa mwenzetu, hata kapu lijae. Kambi ya Randleman yanipendeza kwa sababu hii: mle ndani mtoto huogelea na kucheza, na daktari yupo karibu bila kuwa mbele ya macho. Kwa siku zile chache mtoto haitwi mgonjwa.

Tena, sadaka haifiki siku ile ikabidhiwapo. Katika miaka ya 1980, Randy Mamola, Mmarekani, dereva wa mashindano ya pikipiki, pamoja na Barry Coleman, mwandishi wa habari Mwingereza, walisaidia kukusanya fedha kwa watu wa michezo ile kwa ajili ya watoto wa Afrika. Walipofika Somalia kutazama kazi, waliona pikipiki za wahudumu wa afya zimelala, zimeharibika, ingawa hazijazeeka. Hazikuwa na mtu wa kuzitunza. Zilitolewa kwa moyo mwema, zikafa kwa kukosa matunzo madogo ya kila siku. Kutokana na hayo, wao pamoja na Andrea, mke wa Coleman, wakaianza kazi iitwayo Riders for Health, wakaendelea katika Lesotho, Gambia na Zimbabwe, wakiwafundisha wahudumu kuendesha vema na kutunza vyombo vyao, ili dawa na chanjo ziwafikie watu wa milimani na vijijini. Kazi ya namna hii haina mngurumo. Hakuna asimamaye barabarani kumshangilia mtu aongezaye mafuta katika mashine kila Jumatatu. Nami naona mtu huyo hakupungukiwa na aliyevuka maili 3,700.

Sasa nije kwetu, maana si vema kuwahukumu watu wa mbali tu. Ni sharika nyingi ambazo kwaya hukodi basi kwenda kuimba mbali, ili kuchangia matibabu ya mgonjwa au bati za kanisa. Tuseme wamepata shilingi laki nane. Basi limekula laki tano, chakula laki mbili. Yabaki laki moja, nayo husomwa kwa haraka mwishoni mwa matangazo. Yule mama aliyefungua fundo la kitenge chake akatoa shilingi elfu mbili, alimpa mgonjwa, si mwenye basi. Je, ametendewa haki? Mimi nasema hakutendewa, hata kama hakuna aliyeiba senti moja.

Shauri langu ni kuwa na mifuko miwili, isichanganywe kamwe. Msafiri awezaye na alipe njia yake mwenyewe, maana furaha ya njia ni yake: nyimbo, maongezi, kuona nchi, kula pamoja. Furaha hiyo si dhambi, na asione haya kwayo. Ila asiwalipishe wagonjwa. Najua mtaniambia, Mchungaji, wanakwaya wetu ni vijana wasio na kitu, kwa shauri hili watasafiri wenye mishahara tu. Neno hili ni la kweli. Basi atangaze mwalimu kabla ya mchango, kwa sauti wasikie hata walio mlangoni: mfuko huu ni wa basi, na huu ni wa mgonjwa. Watu wetu si wagumu. Watatia katika yote miwili, nao watajua walichokitia. Na hesabu isomwe Jumapili ifuatayo na watu wawili, mmoja wao asiwe miongoni mwa waliosafiri.

Wako na wale wasiosafiri kabisa: mzee mwenye miguu mibovu, mama anyonyeshaye, mlinzi wa zamu. Hawa hutoa, kisha hubaki, na msafara ukirudi kwa vigelegele wao hawatajwi. Daudi alipowafuata Waamaleki, watu mia mbili walichoka, wakabaki kwenye kijito cha Besori wakilinda vyombo. Waliokwenda vitani waliporudi, baadhi yao wakakataa kuwagawia nyara hao waliobaki. Daudi akaamuru wagawiwe sawasawa, naye akaifanya amri hiyo kuwa sheria katika Israeli tangu siku ile.