Mtoto Anakili Nini?

Mzazi anayetaka kunyoosha mwandiko wa mwanawe humpa kalamu na daftari, akamwambia, "Andika." Mtoto akiuliza, "Niandike nini?" hujibiwa, "Chochote." Jibu hili ni jepesi, lakini si jibu la mlezi. Maneno anayoyarudia mtoto mara kumi, mkono huyazoea na moyo nao huyashika. Basi kumchagulia maneno ya kunakili ni malezi kabla ya kuwa somo la hati.

Tunasema juu ya mtoto mkubwa, wa miaka 12 na kuendelea. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 nchini Tanzania inamlazimisha mzazi kumpeleka mtoto shule. Lakini darasa likijaa, mwalimu hapati nafasi ya kutazama mkono wa kila mmoja. Kazi hiyo hurudi nyumbani.

Na kazi yenyewe si nzito kama idhaniwavyo. Mtoto aliyepita chuoni amekwisha kujua kuunganisha herufi, kwani katika hati ya Kiarabu herufi zote hushikana na zinazofuata isipokuwa sita: alifu, dali, dhali, ree, zee na wau. Hapa anageuza upande tu, aende kutoka kushoto. Lugha yetu nayo inamsaidia: neno kama "tutakapowakumbuka" humpeleka mbali kabla ya kuinua kalamu. Ila Q na X hazimo katika herufi za Kiswahili, na C haitembei bila ya H. Hizo azipate katika mistari michache ya somo lake la Kiingereza.

Ama juu ya maneno yenyewe, wapo wasemao: na anakili aya za Qurani, kwani yapo maneno gani bora kuliko hayo? Nia ni njema, lakini tutazame mwisho wa karatasi. Karatasi ya mazoezi hujaa makosa, hufutwafutwa, huchanwa, na pengine hufungiwa karanga sokoni. Chuoni, aya iliyoandikwa juu ya ubao haikutupwa. Ubao ulioshwa kwa maji, tena kwa adabu. Adabu ile ilikuwa sehemu ya somo. Basi aya ziandikwe na mkono uliokwisha tulia, katika daftari la kuhifadhiwa, si katika karatasi ya kujaribia.

Wengine humpa mtoto mkubwa sentensi za darasa la kwanza: baba analima, mama anapika. Huyu anasoma gazeti! Akipewa hayo huona amedharauliwa, na mkono wa aliyeudhika hauandiki vizuri.

Anakili nini basi? Nionavyo mimi, anakili yale ambayo nyumba yake inayahitaji.

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mgonjwa, akamtungia utenzi binti yake, Mwana Hashima. Mwanzoni mama anamwita mwanawe akae karibu, ashike wino na karatasi. Hakumpa maneno ya kujazia ukurasa; alimpa maneno aliyochelea yasizikwe pamoja naye. Utenzi huo ukatufikia kwa mikono ya walioandika nakala, mmoja baada ya mwingine, kabla ya kupigwa chapa katika karne ya 20. Naye Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alisifika kwa khati nzuri aliyoitumia kunakili tungo za wengine, ingawa mwenyewe alikuwa mshairi.

Kila nyumba ina maneno kama hayo. Ipo nasaba anayoijua bibi peke yake. Upo wasia, ipo hati ya shamba, zipo barua za marehemu babu. Mzazi aliyehamia Mamba, huko Mpimbwe katika mkoa wa Katavi, mbali na jamaa zake wa pwani, asingoje kitabu kutoka mjini; sanduku lake la barua ni kitabu tosha. Mtoto akizinakili, mwandiko utanyooka, na jamaa asiowaona atawajua. Lakini mzazi atangulie kuchagua. Barua yenye siri ya mtu au aibu ya jamaa haimhusu mtoto. Na ibaki sandukuni.

Faida kubwa iko hapa. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qurani, inaamrisha deni liandikwe, na mwandishi aandike kwa uadilifu. Anayenakili hana ruhusa ya kuongeza wala kupunguza. Moja ikisomeka saba, deni limekuwa jingine. Salma akisomeka Salima, huenda mrithi akapoteza haki yake. Kwa hiyo mwandiko unaosomeka si pambo; ni haki ya aliyesema na haki ya atakayesoma. Mtoto akikosea sentensi ya kubuni, hapana aliyedhurika. Akinakili nasaba ya ukoo wake, anajua amebeba amana, na kalamu huenda kwa uangalifu bila ya kukemewa.

Ataambiwa kuwa simu imemaliza kazi ya kalamu. Mtihani wa kidato cha nne bado huandikwa kwa mkono, na bado wako wazee wanaotaka kuona jambo lao kwenye karatasi.

Basi ndugu mzazi, kila jioni mpe mistari mitano, usimpe ukurasa mzima. Kwanza aisome kwa sauti, kisha aiandike polepole, kisha mlinganishe neno kwa neno na asili yake. Mwisho wa mwezi aandike nakala moja safi, ampelekee mwenye maneno ikiwa yu hai. Ikiwa ni nasaba ya bibi, mtoto amsomee bibi majina yote kutoka katika mwandiko wake mwenyewe, bila ya kusita. Bibi akisema, "Ndivyo," somo limefuzu.