Usiuze Mdomo Wako Mzima

Wewe mwenye shamba Ikolomani au Shinyalu, kwenye mwamba wenye dhahabu: akija mgeni na karatasi ya kutunza siri, akitaka sahihi yako kabla hata hajataja bei, usiikimbie. Usiisaini ilivyo, vilevile.

Tazama nani ameruhusiwa kusema. Mara nyingi kampuni ya mgeni huyo imejiachia nafasi ya kuzungumza na benki yake, mawakili wake, wenye hisa, hata mnunuzi atakayekuja kesho. Wewe huruhusiwi kumwambia hata mkeo! Hapo ndipo pa kukaza.

Mkeo au mumeo aandikwe kati ya unaoruhusiwa kuwaambia. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hairuhusu ardhi iliyo mali ya ndoa kutolewa bila ridhaa ya wote wawili, na mtu haridhii asichokijua. Bodi ya ardhi iandikwe pia, maana shamba likiuzwa au kukodishwa bila idhini yake, mapatano ni batili. Ongeza wakili wako, mahakama, polisi, KRA, NEMA, na mambo ambayo kijiji kizima tayari kinayajua. Huo si ukorofi. Unaiambia karatasi ifuate sheria za Kenya.

Halafu jihadhari na maneno haya: "kwa idhini ya maandishi ya kampuni". Watakuandikia orodha ndefu ya unaoweza kuwaambia, kisha wayabandike mwishoni. Huo ni mlango uliofungwa, na ufunguo uko mfukoni mwao. Yafute. Kubali tu kuiarifu kampuni mapema, mahakama ikikuita, pale sheria inaporuhusu.

Na wewe toa kitu. Ramani zao na matokeo ya maabara ni siri halali; waahidi utazitunza, kwa muda wenye mwisho, miaka 2 au 3. Anayetoa hivyo husikilizwa anapodai.

Babu zetu hawakupewa hata karatasi ya kubishania. Dhahabu ilipovuta wazungu hapa mwaka 1931, serikali ya kikoloni ilibadilisha sheria ya ardhi mwaka uliofuata, ili ardhi ya machimbo ichukuliwe bila kuliuliza baraza la wenyeji. Wewe unaulizwa. Itumie nafasi hiyo!

Usijidanganye kwamba mahakama itakufungulia baadaye. Mkopo wa reli ya SGR ulisainiwa 2014, ukafunikwa kwa kifungu cha usiri. Wanaharakati Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo walishtaki, na Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamuru mikataba itolewe mwaka 2022. Miaka 8, na hao walikuwa wanaharakati wenye Katiba nyuma yao. Kwako dakika za kubishana ni hizi, kabla wino haujagusa karatasi.

Basi mwambie mgeni unataka nakala uipeleke kwa wakili mjini, na majibu utampa baada ya wiki. Akisema karatasi haiondoki mezani, mrudishie kalamu yake.