Cheo cha Kuolewa Hakina Hati

Bonde la Kilombero lina ukarimu wa kumvisha mke cheo cha mumewe. Mtu akichaguliwa udiwani leo, kesho mkewe ni Mama Diwani sokoni Ifakara. Mume akipewa usharika, mke ni Mama Mchungaji. Akiketi kiti cha kijiji, mke ni Mama Mwenyekiti, na kwenye harusi atatafutiwa nafasi meza ya mbele. Heshima hiyo haina ubaya. Ubaya huingia pale anayeitwa hivyo asipojiuliza cheo hicho amekabidhiwa na nani, na kwa sharti gani. Aliyelipa deni la swali hilo kwa riba kubwa ni mwanamke wa Buganda, ufalme ulioko Uganda, aliyefika juu kabisa ambako mke wa mfalme anaweza kufika.

Irene Drusilla Namaganda alikuwa binti wa mchungaji wa Kianglikana. Mwaka 1914 aliolewa kanisani na Kabaka, yaani mfalme, Daudi Chwa, akawa Nnabagereka, malkia wake. Kabaka alikuwa na wanawake wengine na watoto wengine, lakini pete ya kanisa ilikuwa kidoleni mwa Namaganda peke yake. Mwaka 1924 akamzaa Mutesa. Chwa alipofariki Novemba 1939, wakubwa wa Buganda walimruka George Mawanda, mtoto wa kiume aliyemtangulia Mutesa kwa umri, wakamchagua Mutesa, kijana wa miaka 15, kwa sababu yeye ndiye aliyezaliwa katika ndoa ya pete. Mama mtu hakubaki mjane tu. Alipanda daraja, akawa Namasole, mama wa Kabaka.

Na huko ndiko kupanda kwenyewe, maana katika mila za Buganda mke hakai na mfalme katika enzi. Wanaokaa naye ni wawili: mama yake, Namasole, na dada yake anayetawazwa pamoja naye, Lubuga. Hao wote wawili waliweza kuitwa Kabaka kama yeye. Namasole alikuwa na ikulu yake juu ya kilima chake, ng'ambo ya kijito, akiwa na katikiro wake, yaani waziri mkuu, watumishi wake na mashamba yake. Wake wa Kabaka walikuwa wengi, na mkubwa wao aliitwa Kaddulubaale. Nnabagereka kama malkia mmoja wa ndoa moja ni cheo kilichostawi pamoja na Ukristo. Kwa hiyo Namaganda alitoka kwenye cheo kilichotegemea ndoa akaingia kwenye cheo kilichotegemea mtoto, kikubwa na cha kale zaidi. Sharti lake nalo lilikuwa la kale: Namasole haolewi tena.

Mwaka 1941 Namaganda alitaka kuolewa na mwanamume mdogo kwake, asiye na nasaba ya kifalme. Kwa kanisa hapakuwa na kosa, kwani mjane ni huru kuolewa. Katikiro Martin Luther Nsibirwa, aliyeongoza wakaimu waliotawala kwa niaba ya Kabaka mdogo, alimuunga mkono. Askofu Cyril Stuart alikubali, na serikali ya Waingereza haikuweka kizuizi. Ndoa ikafungwa. Buganda ikawaka moto. Namaganda akavuliwa U-Namasole, na Nsibirwa akalazimika kuachia ukatikiro mwaka huohuo. Mutesa akabaki Kabaka, na damu ya mama yake ikabaki mwilini mwake, ila mbele ya kiti cha enzi mwanamke yule hakuwa tena mama wa mfalme.

Alikosea wapi? Hakuiba. Aliomba ruhusa kwa kila mlango aliouona. Ila aliomba kwa wasiokuwa wenye cheo. Kanisa ndilo lililompa U-Nnabagereka, na kanisa lingeweza kumlinda kwa huo. U-Namasole ulitoka kwa koo na mila, na koo hazikuulizwa. Askofu anaweza kubariki ndoa. Hawezi kubariki uvunjaji wa sharti ambalo hakuliweka yeye. Nsibirwa naye, Mganda aliyezijua mila, alidhani muhuri wa wakubwa wa serikali na dini ungetosha. Haukutosha.

Sheria ya vyeo vya wenzi wa wafalme, popote uendapo, ni hiyo: cheo kinalindwa na mkono uliokitoa, na mkono huo ukitoweka au ukikasirika, nacho huenda. Unguja walimjua Bibi Azza binti Seif, mke wa ndoa wa Seyyid Said. Salme, binti wa Sultani, aliandika katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 kwamba Azza alitaka kila mtu amtaje kwa cheo cha utukufu, hata watoto wakubwa wa mumewe, na kwamba Sultani mwenyewe alimsikiliza kuliko mtu yeyote. Lakini Azza hakuzaa. Watoto wote aliowaacha Sultani alipofariki mwaka 1856 walikuwa wa masuria, wale waliokuwa chini yake nyumbani. Ufalme ukaenda kwa wana wao, na ukubwa wa bibi ukaisha pamoja na uhai wa mume. Buganda kwenyewe jambo kama hilo lilijirudia: Damali Kisosonkole aliolewa na Mutesa mwaka 1948 akawa Nnabagereka, lakini Ronald Mutebi, Kabaka wa leo, alizaliwa mwaka 1955 na Sarah, dada yake Damali. Cheo kilikuwa kwa mmoja, mrithi akatoka kwa mwingine.

Wanaume nao wana lao. Katika falme za Ulaya mke wa mfalme huitwa malkia, lakini mume wa malkia haitwi mfalme, kwa kuwa mfalme huhesabiwa juu ya malkia na wenye enzi hawataki aliyeingia kwa ndoa aonekane kumzidi aliyeirithi. Philip alimwoa Elizabeth mwaka 1947, na baada ya mkewe kuwa Malkia wa Uingereza alingoja hadi 1957 kupewa cheo cha mwanamfalme wa nchi hiyo. Henrik wa Denmark alinung'unika miaka mingi kwa kunyimwa ufalme, hata mwaka 2017 akatangaza kwamba hatazikwa kando ya mkewe, Malkia Margrethe. Akafariki mwaka uliofuata bila cheo alichokitaka. Kwetu hakuna ufalme, lakini mizani ni ileile: tangu Machi 2021 Rais wetu ni mwanamke, na hakuna aliyejisumbua kumtungia mumewe cheo.

Sasa turudi bondeni. Zamani za mkoloni, Wabena wa Ulanga walikuwa na mtema wao, yaani chifu, Towegale Kiwanga, mwenye makao Utengule. Ni mtu mkubwa kiasi kwamba kitabu cha akina Culwick cha mwaka 1935 kuhusu Wabena wa mitoni kilibeba sura aliyoiandika yeye. Mke wa mtu wa namna hiyo alikuwa na heshima yake. Mwaka 1963 Bunge likafuta utawala wa machifu nchi nzima, na cheo cha mume kilipoondoka hakikuacha cha mke nyuma.

Mwaka huohuo wa 1963 serikali iliandika pia jambo lililowagusa wake wengi kuliko wa watema. Tamko la Sheria za Mila, kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, lilisema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Watoto wake ndio wamtunze. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kuwa kanuni hiyo ni ya kibaguzi, kisha ikaiacha palepale. Mjane wa Kiislamu ana fungu lake linalojulikana, thumuni kama kuna watoto, robo kama hakuna. Lakini hata yeye hutegemea mirathi ya mumewe iende kwa sheria ya Kiislamu. Mama Diwani anayezikiwa mumewe kwa heshima zote anaweza kukuta, arobaini ikiisha, shemeji wanalipima jaruba la mpunga alilolilima kwa mikono yake misimu yote. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako.

Kinga ipo, na iko karibu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata ardhi, kuimiliki na kuitumia. Wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi zilikuwa za kwanza kupitiwa na mpango mkubwa wa kupima vijiji na kutoa hatimiliki za kimila, na hati hiyo huweza kubeba majina ya mume na mke pamoja. Namaganda hakuwa na karatasi ya kumlinda. Alichokuwa nacho chote kilikaa midomoni mwa watu, na watu wakafunga midomo. Mwanamke wa bondeni hana haja ya kulikataa jina la Mama Mwenyekiti. Aliitikie akiitwa, halafu aende ofisi ya kijiji akiwa na mumewe, mume angali hai na mapatano yapo, wadai jina lake liandikwe. Na binti anapofundwa kabla ya harusi, pamoja na mengine yote, somo wake amuulize swali hili kabla hajamruhusu kutoka: mali gani kati ya hizo unazokwenda kuzihudumia ina jina lako, na kama haina, mtaliandika lini?