Ghorofa ya Tano



Wakati wa likizo mdogo wangu aliniuliza: “Kaka, nchi ikitajirika haraka, mbona shida nazo zinazidi?” Nikamtajia Durkheim na mambo ya darasani. Akaniangalia tu. Leo najaribu tena, kwa mfano.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Korea Kusini ilikuwa nchi maskini sana. Ndani ya miaka 30 hivi ikawa inauza meli na magari duniani kote. Tarehe 29 Juni 1995, jijini Seoul, jengo la maduka la Sampoong likaporomoka. Watu 502 walikufa. Halikuwa tetemeko wala bomu. Wenye jengo walikuwa wameongeza ghorofa ya tano, nguzo zilikuwa nyembamba, na maofisa walihongwa ili wapitishe. Siku hiyo nyufa zilionekana tangu asubuhi, lakini duka halikufungwa.

Sasa jiulize, muuaji ni nani? Kila mmoja alikosea kipande chake. Hapo ndipo ninapoona jibu. Kijijini ukimpunja mtu, jioni utakutana naye kwenye jumuiya, macho kwa macho. Uchumi ukikua haraka, maisha yetu yanafungamana na ya maelfu tusiowajua. Kosa linagawanywa vipande vidogo vidogo mpaka dhamiri ya mtu haisikii uzito wake. Lakini zege linausikia.

Simaanishi kwamba maendeleo ni dhambi. Njaa nayo inaua. Papa Paulo VI, katika Populorum Progressio ya mwaka 1967, alifundisha kwamba maendeleo ya kweli ni ya mtu mzima na ya kila mtu. Ghorofa ziongezeke, sawa, ila na nguzo zinenepe.

Na mimi simo nje. Mwaka jana nilisimamia ujenzi wa kimnara cha tenki la maji. Fundi akasema, “Frateri, tupunguze saruji kidogo, nani atajua?” Nikasema sawa. Usiku sikulala, maana chini ya tenki lile watoto wangepanga foleni na ndoo. Asubuhi nikamwomba abomoe, tukaanza upya. Aibu niliipata, na hela ikapungua.

Kijana mwenzangu, leo usiku unapochunguza dhamiri, ongeza swali moja: kazi yangu ya leo, nani atasimama chini yake?

Tuombeane.