Gobori Jipya na Swali la Kujinyima

Mwindaji mwenye uwezo wa kununua bunduki inayofika yadi 300 kwa uhakika, akaiacha dukani na kuchukua ile inayoshindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu, amefanya jambo gani hasa? Yawezekana amefanya jambo la kimaadili, kwa kuwa amejinyima nguvu ambazo angeweza kuzitumia. Yawezekana ameigiza tu ufukara wa watu wa kale, akijua kwamba jioni atarudi kwenye nyumba yenye joto na friji iliyojaa. Yawezekana pia amefanya kosa, kwa sababu silaha dhaifu huweza kumtesa mnyama kuliko silaha kali. Kwangu swali hili si la nadharia tupu. Mwaka huu nimenunua gobori jipya, na kabla ya msimu wa kulungu hapa Pennsylvania ninakofundisha, nimetumia Jumamosi kadhaa kulijaribu katika uwanja wa shabaha. Wapo watakaosema kwamba kuua mnyama ni kosa kwa silaha yoyote ile. Hoja yao ni nzito na inastahili makala yake. Hapa nazungumza na wale ambao, kama mimi, wanakula nyama na wanataka kujua wanavyopaswa kuipata.

Kiswahili kinaifahamu silaha hii kwa majina mengi kuliko tunavyokumbuka siku hizi. Kuna gobori, kuna korofindo, kuna bunduki ya mrao iliyowashwa kwa utambi, na kuna bunduki ya gumegume inayotoa cheche kwa jiwe. Kijiti cha kushindilia kina jina lake, mdeki. Hata neno kiasi, ambalo kwetu lina maana ya kipimo na pia ya tabia ya kutovuka mpaka, kamusi za zamani zinalitaja katika matumizi mengine: kiasi cha bunduki, yaani baruti na risasi zilizopimwa kwa mpigo mmoja. Sidai kwamba waliolitumia neno hilo walikuwa wakifanya falsafa. Lakini lugha imeweka mahali pamoja kipimo cha baruti na mwenendo wa mtu, na mahali hapo ndipo swali letu lilipo.

Gobori langu ni la gumegume. Limetengenezwa karibuni kwa kufuata umbo la bunduki ndefu ambazo mafundi wenye asili ya Kijerumani walizitengeneza katika Pennsylvania karne ya 18. Kasiba yake ina kipenyo cha nusu inchi, na ndani mna mifereji myembamba inayozunguka ili risasi itoke ikijizungusha. Baruti nyeusi, ambayo ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, hupimwa kwa kikopo kidogo cha shaba na kumiminwa mdomoni; kiasi changu ni gramu 4.5. Juu yake hufuata gololi ya risasi yenye uzito wa gramu 11 na ushei, imekumbatiwa na kipande cha kitambaa kilichopakwa mafuta, na mdeki huisukuma hadi iketi juu ya baruti bila kuacha uwazi. Mwisho, baruti laini kidogo huwekwa katika kisahani kilicho kando ya kasiba. Kidole kinapovuta, jiwe hupiga chuma, cheche huanguka katika kisahani, moto hupenya tundu dogo, ndipo mlipuko hutokea. Kati ya kidole na mlipuko kuna mwanya wa muda ambao ni mfupi mno, lakini unatosha kumwumbua anayetikisika. Kisha moshi mweupe hutanda, na mpigaji haoni mara moja alichokifanya. Akitaka kupiga tena, hana budi kupangusa kasiba na kuanza upya.

Nilipiga risasi tano tano kwa kila umbali, nikizielekeza kwenye duara la inchi 8, ambalo wawindaji hulitumia kuwakilisha moyo na mapafu ya kulungu. Kwa yadi 50, matundu yote matano yalifunikwa na kiganja. Kwa yadi 75 yalienea, lakini yote yalibaki ndani ya duara. Kwa yadi 100, mawili kati ya matano yalitoka nje. Si ajabu, kwa kuwa gololi ya mviringo hupoteza zaidi ya theluthi moja ya kasi yake katika yadi 100 za kwanza, na upepo mdogo huisukuma kando. Matokeo hayo niliyapata nikiwa nimeketi, bunduki imeegemea mfuko wa mchanga, bila baridi wala mapigo ya moyo ya mtu aliyemwona mnyama. Kwa hiyo niliandika katika daftari mpaka wangu wa msituni: yadi 60.

Wanaotetea uwindaji wa aina hii husema kwamba gobori linampa mnyama nafasi. Kauli hiyo inasikika vizuri, lakini inaficha maana mbili zisizofanana. Kuna nafasi ya kutofikiwa: mwindaji analazimika kusogea karibu, na kulungu mwenye pua, masikio na macho yake ana kila njia ya kumgundua na kuondoka akiwa mzima. Na kuna nafasi ya kukoswakoswa: risasi imekwishatoka, lakini kwa kuwa silaha ni dhaifu au mkono haukuzoea, inampata tumboni au mguuni, naye anakimbia na kufa baada ya saa nyingi mahali asipoonekana. Nafasi ya kwanza ni zawadi. Ya pili ni mateso tu, na kuiita heshima kwa mnyama ni kudhulumu maneno. Nafasi ya mnyama, basi, inapaswa kuwepo kabla ya risasi kutoka. Baada ya hapo, deni la mwindaji ni kifo cha haraka.

Jambo hili si geni katika mapokeo ambayo wasomaji wengi wa Kiswahili wamelelewa nayo. Hadithi mashuhuri aliyoipokea Imam Muslim inaagiza ihsani katika kila jambo, hata katika kuchinja, ikiambatanisha na agizo la kunoa kisu na kumwondolea mnyama taabu. Wanafikihi nao walijadili kwa kirefu hukumu ya mnyama aliyeuawa kwa bunduq, yaani kidonge cha udongo, ambacho jina lake ndilo lililotupa neno bunduki. Swali lao lilikuwa kama kitu hicho kinapenya mwili au kinaua kwa kuponda, maana jinsi mnyama anavyokufa ilikuwa sehemu ya uhalali wa nyama yake. Kwa mtazamo huo, Jumamosi za uwanja wa shabaha si burudani inayotangulia jambo lenyewe. Kujaribu bunduki ndiko kunoa kisu kwa mwindaji. Asiyejua gololi yake itaangukia wapi kwa yadi 80 hana haki ya kujifunza jibu hilo kwenye mwili wa kiumbe hai.

Mwanaikolojia wa Marekani Aldo Leopold, katika kitabu chake cha mwaka 1949 A Sand County Almanac, anaeleza jinsi desturi ya risasi moja kwa mnyama mmoja ilivyozaliwa. Watu wa mpakani hawakuwa na fedha, usafiri wala silaha za kupoteza risasi. Walilenga vizuri kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine. Baadaye, vizazi vilivyokuwa na uwezo wa kupiga ovyo viliendelea kuishika desturi hiyo kwa hiari, na ulazima ukageuka kuwa maadili. Leopold alitoa pia onyo kuhusu vifaa vinavyoongezeka mkononi mwa mwindaji hadi kuchukua nafasi ya ujuzi wake.

Onyo hilo limetimia ndani ya gobori lenyewe. Pennsylvania ilianzisha msimu wa bunduki za gumegume mwaka 1974, na sheria yake ilidai cheche zitoke kwa jiwe. Majimbo mengi mengine yalisema tu kwamba bunduki ishindiliwe kwa mdomo. Mwaka 1985 Tony Knight wa Missouri akatoa bunduki yake ya MK-85, ambayo fataki yake imewekwa nyuma ya baruti katika mstari mmoja na kasiba. Tangu hapo zimefuata baruti mbadala zilizogandishwa kuwa vidonge, risasi zenye ncha zilizovishwa plastiki, na darubini. Na sasa kuna magobori yanayoua kwa yadi 200. Colorado imelazimika kukataza darubini, vidonge na mavazi hayo ya plastiki katika msimu wake wa magobori. Simlaumu anayetumia bunduki hizo. Kama zinaua haraka, zimetimiza deni nililolitaja. Ila hawezi kudai fadhila ya kujinyima. Anaingia msituni katika siku zilizotengwa kwa ajili ya walioacha nguvu, akiwa na nguvu zilezile alizodai kuziacha. Herufi ya sheria ameitii, na kiasi amekitupa.

Hadi hapa nimezungumza kama mkazi wa Pennsylvania. Lakini mtu wa Afrika Mashariki hawezi kulishika gobori bila kukumbuka njia nyingine ambayo silaha hii ilipitia. Katika karne ya 19 bandari ya Zanzibar ilipokea makumi ya maelfu ya bunduki, nyingi zikiwa zile ambazo majeshi ya Ulaya yalizitupa yalipohamia bunduki za kushindiliwa kwa nyuma. Tarehe 2 Julai 1890 ulitiwa saini Mkataba wa Brussels dhidi ya biashara ya utumwa, Zanzibar ikiwa miongoni mwa watia saini. Mkataba ulizuia silaha za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini, lakini uliacha mlango mdogo: bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani, na baruti ya kawaida ya biashara. Hoja ya kuzuia misafara ya watumwa ilikuwa ya kweli. Ni kweli vilevile kwamba miaka 15 baadaye wapiganaji wa Majimaji walikabili bunduki za rashasha za Wajerumani wakiwa na mikuki, mishale na magobori.

Tazama basi kinyume chake. Silaha ambayo Marekani huichagua mtu aliyeshiba ili ajipime, karibu ndiyo iliyoruhusiwa mikononi mwa Mwafrika ili asiweze kujipima na mwingine. Huko ulazima uliiva ukawa hiari. Kwetu ulazima uliandikwa mkatabani na watu wengine. Hata leo tofauti hiyo haijafutika. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1968 inaziweka bunduki nyingi za kushindilia katika fungu la vitu vya kale, nje ya masharti mengi ya silaha. Nchini Tanzania gobori lisilo na kibali ni kosa la jinai, na anayelishika mara nyingi ni mkulima aliyelipata kwa fundi wa kienyeji, kasiba yake ikiwa bomba la maji linaloweza kupasuka usoni pake. Sitetei ujangili. Nasema tu kwamba hatuwezi kumpa mkulima huyo nishani ya kujinyima, kwa kuwa hakuwa na cha kuacha. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Bila hiari, udhaifu wa silaha hautuambii lolote kuhusu tabia ya mwenye nayo.

Ndiyo maana nadhani sifa ya kimaadili haimo ndani ya chuma wala ndani ya jiwe la gumegume. Kujinyima kunakuwa fadhila pale tu mtu alipokuwa na uwezo wa kutojinyima, pale anapoacha nguvu kwa kweli wala si kwa jina, na pale gharama ya kujinyima inapomwangukia yeye mwenyewe. Sharti hili la mwisho ndilo linalosahaulika kwa urahisi. Nikiamua kutumia silaha dhaifu, ninayepaswa kulipa ni mimi: kwa saa za baridi, kwa safari za bure, kwa kurudi nyumbani bila nyama. Nikimlipisha kulungu kwa jeraha, nimejinunulia sifa kwa fedha ya mwingine.

Yadi 60 si mpaka uliowekwa na jimbo. Hakuna askari wa wanyamapori atakayeupima, na hakuna mtazamaji atakayejua nikiuvuka. Dume mkubwa akisimama yadi 90 jioni ya mwisho wa msimu, ubavu wazi, bunduki haitakataa kulia. Lakini jibu lake lilikwishaandikwa kwenye karatasi yenye matundu matano, mawili nje ya duara. Nitalishusha gobori na kumwacha apite.